Zamu ya Mwenzake

Asubuhi ile nilitoka Doonside, pembeni mwa Sydney, bila kujua ninakokwenda. Nilichojua ni kwamba kitanda hakikuwa changu tena mpaka jioni.

Tulikuwa tukikilalia kwa zamu, mimi na Mkongo mmoja wa Uvira aliyepanga mizigo usiku kwenye ghala kule Wetherill Park. Akirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakuta nimeshatoa shuka langu, nimeweka lake, na dirisha liko wazi. Jioni kabla ya kwenda kazini hunifanyia vivyo hivyo. Mama mwenye nyumba, mjane wa Kikongo aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani kwao, alituwekea sheria mbili tu: kitanda kwa zamu, chumba kwa orodha. Orodha yenyewe ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Kikipatikana chumba kizima, pale au kwa mtu yeyote tunayemfahamu, anayeitwa kwanza ni aliye juu. Aliyekuwa juu ni huyo mwenzangu wa kitanda, kwa sababu mkewe na binti yake walikuwa bado kambini Kigoma wakisubiri karatasi zao, na karatasi nazo zilikuwa zikisubiri mipaka ifunguliwe. Mimi nilikuwa wa pili.

Nami nilikuwa na kazi, ya mchana, kwenye ghala jingine. Ugonjwa ulipoingia, shifti za mchana zikapunguzwa, na wa kwanza kupunguzwa ni sisi tuliokuwa tukiitwa kwa simu. Hapo ndipo nilipobaki na kitanda cha usiku na mchana usio na mahali.

"Mutu ya Tanga," mwenzangu aliniambia asubuhi hiyo akivua viatu vya kazi, "unaenda wapi na kazi hakuna?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi? Dunia yote imefungwa."

"Nitajua nikifika."

"Eh! Miguu yako iko na betri. Bon, funga mulango, mie nalala."

Hakunishangaza. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kutoka. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ada wala kwa utundu. Mwalimu alikuwa akitueleza jinsi katani inavyogeuka kamba, akaishia katikati kengele ilipolia. Kesho yake nilipita njia ya kiwandani ili nione ile nusu iliyobaki, na sikurudi tena darasani. Baada ya hapo nimekuwa utingo, nimeuza vitabu vya mtumba, nimepika kwenye meli, na mwishowe dada yangu aliyeolewa huku akanidhamini nikaja Sydney. Yeye akahamia Perth, mimi nikabaki.

Nilifuata reli. Nilipita Blacktown, barabara tupu kama siku ya Idi wakati wa swala, nikafika Seven Hills jua limeshapanda. Nyuma ya karakana nikaona kijito kinachopita chini ya daraja dogo. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe, nikamenya chenza. Maganda nikayatupa majini.

"Wewe! Hayo maganda ataokota nani?"

Ng'ambo ya pili alisimama mwanamke mzee, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, buti za mpira hadi magotini, mkononi fimbo yenye msumari nchani na mfuko umejaa takataka.

"Ni maganda tu, Bibi. Yataoza."

"Lini?"

"Yakichoka."

"Basi yasubirie hapo mpaka yachoke," akasema, "halafu uje uniambie."

Alivuka kwa macho, hakuvuka kwa miguu. Akasimama ananitazama kweli, kana kwamba ana siku nzima ya kusubiri. Nikaona haya, nikaingia majini kuyafuata. Nilipoinuka nikiwa na maganda mkononi na suruali imelowa, akaniuliza kama najua kufunga fundo.

"Fundo gani?"

"La kuvutia kile." Akaelekeza fimbo kwenye kitoroli cha dukani kilichozama, kimebaki mshikio tu juu. "Wiki ya pili sasa kinanishinda."

Mtu wa Tanga haulizwi kuhusu kamba. Alinirushia kipande alichokuwa nacho, nikakifunga, nikavuta kutoka upande wangu naye akasukuma kwa fimbo kutoka upande wake, mpaka kitoroli kikatoka kimejaa tope na nywele za kijani. Nilitaka kumpelekea, akainua mkono.

"Baki huko huko. Binti yangu ni muuguzi. Akisikia nimesogeleana na mtu atanifungia ndani na mtoto."

Ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi nikishatandika kitanda nilitembea hadi Seven Hills na mfuko wangu, yeye akiokota ukingo wake na mimi ukingo wangu, tukishuka pamoja na maji. Chupa, makopo, na baadaye barakoa za bluu zilizonasa kwenye matete. Tulizungumza kwa kupiga kelele, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Watu waliopita darajani na mbwa wao walidhani tunagombana.

Nilimwuliza kila kitu, maana sijui kuwa na mtu bila kumwuliza. Alikuwa Mjerumani. Alikuja kwa miezi mitatu binti yake alipojifungua, na ugonjwa ukamkuta hapa. Ndege zikawa chache, umri wake mkubwa, binti akakataa katakata asisafiri. Alilala kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba ya binti, na kijito hiki ndicho kilichokuwa kazi yake.

"Na kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mbunge," akasema, akachoma kopo.

Nilisimama. Wabunge niliowahi kuwaona walipita kwenye magari yenye vioo vyeusi.

"Mbunge wa wapi?"

"Wa bunge la jimbo. Zamani. Okota hiyo chupa, usinikodolee macho."

Niliyapata maisha yake vipande vipande, kadiri upepo ulivyoruhusu. Alizaliwa baada ya vita, kijijini, kwenye mto uliopita kiwanda cha rangi kabla haujafika kwao. Watoto walijua kiwandani wanatia rangi gani kwa kutazama maji. Siku ya buluu waliruhusiwa kucheza, siku ya njano walikatazwa, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaeleza sababu. Alipokua aliajiriwa kwenye ofisi ya barabara kuchora ramani. Siku moja akapewa kuchora barabara kuu, na mstari wake ukakata katikati ya msitu wa majimaji. Aliuchora vizuri, kwa wino. Jioni akapanda baiskeli kwenda kuona alichokichora.

"Kama mimi na katani," nikapiga kelele.

"Katani ndiyo nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza shule kwa Kiswahili inaitwaje.

"Shule."

Alicheka hadi akajishika kwenye mti. "Hilo ni neno letu! Mliliokota kwetu."

"Mlilisahau Tanga mlipofukuzwa."

"Kwa hiyo hicho ulichokiacha kilikuwa chetu."

"Ndiyo maana nilikiacha, Bibi."

Siku hiyo aliniletea kipande cha keki, akakiacha juu ya nguzo ya daraja na kurudi nyuma hatua kumi ili nikichukue.

Kwenye ule msitu, jioni ile ya baiskeli, hakukuta watu wa kupinga barabara. Alimkuta mwanamke mmoja wa rika lake ana ndoo mbili. Majira ya baridi yakiisha, vyura wa huko hutoka msituni kwenda kutaga kwenye madimbwi, na njia yao hukatiza barabara. Magari huwaponda. Yule mwanamke, aliyekuwa akipanga barua posta, alikuja kila jioni baada ya kazi kuwaokota ukingo mmoja, kuwatia ndooni na kuwavusha. Alikuwa akiwahesabu na kuwaandika kwenye daftari. Alijua kila dimbwi. Alimtazama huyu mwenye baiskeli akamwambia, "Usisimame tu. Shika ndoo."

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mwenzangu wa kitanda alipokuwa anafunga kamba za viatu.

"Mbunge ya vyura!" akasema. "Kwetu chura atajivusha yeye mwenyewe. Na siye tulivuka ziwa, nani alitubeba na ndoo?" Kisha akafika mlangoni, akageuka. "Na wale vyura walipona?"

Walipona. Wale wanawake wawili wakawa kumi, wakawa mia, wakaingia kwenye chama kipya cha watu wa mazingira kilichokuwa kikichekwa na kila mtu. Mchora ramani akasimama uchaguzi, kwa kuwa alijua kusema mbele ya watu. Mwenye ndoo hakujua, lakini yeye ndiye aliyemwandikia kila hoja. Bibi akaingia bungeni kwa baiskeli, na sweta la sufu kati ya suti. Wakati wa mijadala alifuma soksi. Siku ya kujadili msitu alibeba ndoo ya tope akaiweka mezani kwa spika. Gazeti moja likamchora ana uso wa chura, naye akaikata ile picha akaibandika jikoni.

"Halafu?"

"Halafu tukashinda. Barabara ikazungushwa. Msitu upo mpaka leo."

Na akaendelea na mengine: alivyoshindwa uchaguzi baadaye, alivyokuwa diwani wa mji mdogo akipigania mifuko ya plastiki na njia za baiskeli, alivyoapa kutopanda ndege na kusafiri kwa treni siku nzima kuhudhuria mkutano wa saa moja. Kiapo hicho alikivunja mara moja tu, kwa ajili ya mjukuu. Nilimwuliza kama alijuta. Akasema inategemea mjukuu amelala au analia.

Lakini kila nilipouliza habari za yule mwenye ndoo, aliona takataka mahali pa mbali.

"Bibi, na yule wa posta?"

"Kuna gurudumu huko chini."

"Gurudumu litasubiri. Yuko wapi sasa?"

"Okota," alisema, akashuka kulifuata gurudumu.

Hivyo mwaka ukapita. Kazi zilirudi, nikaitwa na kuachwa, nikaitwa tena. Mwaka wa pili tukafungiwa upya, upande wetu wa mji kwa ukali zaidi, na wiki kadhaa sikuweza kufika kijitoni kabisa. Nilizunguka mitaa ya Doonside mpaka mbwa wa watu wakanizoea. Tulipoachiwa, mijakaranda ilikuwa imeshachanua. Nilimkuta Bibi amekaa, hajaokota kitu, na mkononi ana karatasi.

"Nimechanjwa mara mbili," akasema. "Wewe je?"

"Mara mbili."

"Basi vuka."

Baada ya mwaka na nusu nilivuka kijito kile kwa mawe manne. Karibu hivyo alionekana mdogo kuliko nilivyomjua, na macho yake yalikuwa ya kijivu, jambo ambalo kutoka ng'ambo sikuwahi kuliona. Akanionyesha barua ambayo binti yake alikuwa ameichapa kutoka kwenye kompyuta. Mji ule mdogo ulitaka kuipa njia ya msituni jina lake. Watu wangekusanyika, na kwa kuwa yeye hawezi kufika, wakaomba ajirekodi kwenye simu aseme maneno machache.

"Hongera, Bibi."

"Ngoja kwanza," akasema. Na kwa sauti ambayo nisingeweza kuisikia upande wangu, akanieleza.

Chama chao kilikuwa na sharti lake. Hawakutaka mtu azoee kiti, kwa hiyo mbunge alikaa miaka miwili, kisha akajiuzulu kumpisha anayefuata kwenye orodha. Wote walikuwa wamekubali na kuinua mikono. Aliyefuata baada yake alikuwa yule wa posta.

"Siku yangu ya kuondoka ilifika kabla ya kura ya barabara. Nikasema nitabaki mpaka kura ipigwe, yeye hajui kusema mbele ya watu. Ikapigwa, tukashinda. Nikasema nitabaki mpaka wasaini. Wakasaini. Nikabaki tu."

"Na yeye?"

"Alikuwa ameshaacha kazi posta. Alikuwa amepanga chumba mji mkuu, karibu na stesheni. Alikuwa amenunua koti la kijani." Alikunja barua mara mbili, tatu. "Kila siku ya kikao alivaa lile koti akaja akakaa juu, kwenye viti vya wageni. Hakusema kitu. Alinitazama tu. Miezi mitatu. Siku moja nikainua kichwa sikumwona, na unajua? Nilifurahi."

"Lakini msitu ulipona."

"Ulipona. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilifikiria mwenzangu anarudi kutoka Wetherill Park, mgongo unamuuma, ananikuta bado nimelala, nami namwambia: ngoja kaka, nimo kwenye ndoto muhimu. Sikumwambia Bibi hivyo. Nilimwuliza tu anataka nini.

"Nataka kumtaja. Binti yangu anasema haya mambo yamepita, niseme asante basi. Nikirekodi naye nitasema asante basi. Kwa hiyo utanirekodi wewe."

"Mimi sijui Kijerumani."

"Ndiyo vizuri. Utasikiliza jina tu." Akanitamkia jina la yule mwanamke, fupi, silabi mbili. Akanitaka nilirudie. "Ukilisikia, imetoka. Usipolisikia, nirudishe mwanzo."

Aliketi mbele ya mti wenye magome yanayobanduka. Nikashika simu kwa mikono miwili. Akaanza. Aliongea kwa wepesi, mkono ukipanda na kushuka, mara akacheka, na hapo nilimwona mbunge kwa mara ya kwanza. Nilisikiliza kama mtu anayesubiri namba yake kuitwa dirishani. Akamaliza, akanitazama.

"Hukulisema, Bibi."

"Lakini ilikuwa nzuri?"

"Nitajuaje?"

Mara ya pili alifika sehemu fulani akasimama, akaomba maji, akalalamika kuwa upepo unapiga kelele kwenye simu. Hapakuwa na upepo. Kisha akaniuliza kama haitoshi kusema tu "wenzangu".

"Kwani walikuwa wangapi?"

"Mmoja," akasema.

Mara ya tatu alivua miwani. Hakuinua mkono. Alianza na lile jina, neno la kwanza kabisa, kisha akalisema tena, na tena. Sauti ilikuwa ya chini, nikalazimika kusogea, mguu wangu mmoja ukaingia majini. Sikujua anachosema ila nilijua ni kile. Alipomaliza nilisahau kubonyeza, kwa hiyo mwisho wa picha ile, watu wa mji ule waliona viatu vyangu.

Binti aliitazama jioni kabla ya kuituma. Bibi alinisimulia kesho yake. "Mama, wataliondoa jina lako," ndivyo alivyomwambia. Naye akamjibu waliondoe.

Na kweli, mji ukajibu kwa adabu kwamba jambo la njia limeahirishwa. Wiki zikapita. Bibi aliokota takataka kwa hasira, akachoma hata majani. Kila asubuhi niliuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Mwaka mpya ulipoingia, siku moja akanisubiri darajani na postikadi. Ilikuwa na mistari minne tu, akanitafsiria huku kidole kikitembea.

"Nimeiona. Umechelewa sana. Vyura wataanza kuvuka mwezi wa tatu, na magoti yangu hayainami tena. Njoo na ndoo."

Akaisoma mara ya pili kwa Kijerumani, peke yake, kwa midomo.

"Utakwenda?" nikamwuliza.

"Kiapo nimekivunja kuja. Kurudi lazima nikivunje tena, la sivyo niogelee." Akapangusa pua kwa kiganja cha glovu. "Na chumba changu cha uani kitabaki wazi. Nimeongea na binti yangu. Anakujua. Kichukue wewe."

Hilo neno nililibeba hadi Doonside kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Chumba kizima. Mlango wangu, kitanda ambacho hakuna anayekisubiri, na kijito mbele. Nilifungua friji kutafuta maji, nikaifunga, na karatasi ikawa usoni pangu: mwenzangu wa kwanza, mimi wa pili. Nikajiambia orodha ni ya vyumba vya Wakongo. Nikajiambia Mjerumani ni rafiki yangu mimi, kitoroli nilikivuta mimi. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na maana.

Siku mbili sikusema. Siku ya pili mwenzangu alirudi kutoka kazini anatabasamu: mkewe na binti wameitwa kwa daktari kupimwa upya, mambo yameanza kutembea. Akakaa kitandani kwenye shuka nililomtandikia.

"Sasa wakifika nitawaweka wapi? Kwa hii kitanda, zamu ya watu ine?" Akacheka. Kisha akanitazama. "Mutu ya Tanga, mbona uko kimya? Weye ambaye unaulizaka mpaka friji maswali."

Nikamwambia nina usingizi. Nikatoka, na sikwenda Seven Hills. Nilitembea upande mwingine, kwenye bustani, nikakaa. Nilichokuwa nikikiona ni yule mwanamke wa koti la kijani amekaa juu, hasemi kitu.

Asubuhi ya tatu nilimsubiri. Alipoinama kuvua viatu nikamwambia kuna chumba.

"Chumba ya nani?"

"Cha yule Bibi wa kijitoni. Anaondoka. Ni zamu yako."

Akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Walikupa weye?"

"Walinipa mimi."

"Sasa unaniambia mie ya nini?"

"Kasome friji."

"Friji haijui kitu ya Seven Hills."

"Imeshajua sasa," nikasema, na nilisema kwa hasira, kwa sababu bado nilikitaka. Akaweka kiatu chini taratibu. Hakunishukuru siku hiyo. Alikwenda kweli jikoni, nikasikia hatua zake zikiishia mbele ya friji.

Bibi nilipomweleza alikuwa ng'ambo yake, nami yangu, kwa mazoea tu.

"Kuna orodha?" akapiga kelele.

"Iko kwenye friji!"

"Na uliinua mkono?"

"Niliinua!"

Alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akafuta machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Jumapili mwenzangu alikwenda kuonana na binti akiwa na suti ya kanisani na viatu vinavyong'aa. Mjukuu akamshika tai na hakutaka kuiachia. Chumba kikawa chake. Bibi alipoondoka hakuniachia kitu, ila fimbo ya msumari aliiegesha nyuma ya mlango wa kile chumba, na nasikia mwenzangu huitumia siku zake za mapumziko.

Mimi nikabaki na kitanda kizima, usiku na mchana. Ungedhani nitalala. Nilikuwa nikiamka saa kumi na mbili, natoa shuka, nafungua dirisha, kisha nakumbuka hakuna anayekuja. Nilivumilia wiki mbili. Nikafuta jina langu kwenye friji kwa kalamu, mama mwenye nyumba akanifungia maandazi na kuniombea kwa sauti barazani, nikapanda treni ya kuvuka milima.

Kwenye treni simu ikalia. Ilikuwa picha moja kutoka kwa Bibi, bila maneno: barabara iliyolowa, ndoo mbili, na pembeni pindo la koti la kijani lililopauka. Nyuso hazikuonekana. Sikumwuliza kama ni lile.

Niliteremka kwenye mji wa matofaa, kwa sababu mtu mmoja kwenye behewa alisema wanatafuta wachumaji na sikuwahi kuona tofaa likiwa mtini. Dirishani kwa fundi viatu palikuwa na tangazo la chumba. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye mikono ya gundi, alinipandisha ngazi akanionyesha: kitanda, meza, dirisha linalotazama ghala la matunda. Akanipa ufunguo. Sikuupokea.

"Kuna mtu anakisubiri chumba hiki?" nikamwuliza. "Kabla yangu?"

"Anakisubiri nani?"

"Yeyote. Aliyeomba mwanzo."

Akanitazama juu hadi chini. "Tangazo limekaa pale tangu Krismasi, limeshapauka. Hakuna aliyeomba. Unakitaka au hukitaki?"

Nikaupokea ufunguo. Aliposhuka nilifungua dirisha, nikatoa shuka langu kwenye begi, nikatandika.